Bangi ya dawa nchini Uganda: Maabara hupima nini, na kwa nini matokeo yake yana uzito hospitalini na mahakamani

Nchini Uganda mmea wa bangi, ambao Waganda wengi huuita enjaga, hupita katika njia mbili tofauti kabisa. Njia ya kwanza huanzia katika vitalu nyumba vya magharibi mwa nchi, ambako mmea huo hulimwa kwa kibali cha serikali ili uuzwe ng'ambo kama malighafi ya dawa. Njia ya pili huishia katika vituo vya polisi, ambako mtu aliyekutwa na msokoto mmoja huandikiwa kosa la jinai. Pamoja na tofauti hiyo, njia zote mbili hupita mezani pa mkemia. Ni kipimo cha maabara kinachothibitisha kwamba mafuta yaliyomo chupani ni dawa inayofaa, na ni kipimo hicho hicho kinachothibitisha kwamba majani yaliyomo katika bahasha ya polisi ni bangi kweli.

Makala haya yanaeleza nani hupima, hupima nini, na mambo gani huharibika pale kipimo kinapokosekana au kinapofanywa ovyo.

Nalufenya: hospitali na kituo cha polisi

Mjini Jinja, eneo la Nalufenya linafahamika kwa taasisi mbili. Moja ni hospitali ya watoto, ambayo ni sehemu ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja. Ya pili ni kituo cha polisi ambacho kwa miaka kadhaa kilitumika kama mahabusu maalumu ya watuhumiwa wa makosa mazito. Mwaka 2017 malalamiko kwamba watu waliozuiliwa humo waliteswa yalitikisa nchi, na Rais Yoweri Museveni akawaandikia wakuu wa vyombo vya usalama akikemea matumizi ya mateso katika upelelezi. Mwezi Aprili 2018, Inspekta Jenerali wa Polisi aliyekuwa ameteuliwa muda mfupi kabla, Martin Okoth Ochola, aliagiza kituo hicho kirudi kuwa kituo cha kawaida.

Yaliyosemwa kuhusu kituo hicho hayakuhusu bangi. Lakini taasisi hizi mbili zinaonyesha vizuri kwa nini kipimo cha kisayansi ni jambo la kila mwananchi. Daktari wa watoto anayemtibu mtoto mwenye degedege anahitaji kujua kila matone ya dawa yana kiasi gani cha kemikali. Hakimu anayemsikiliza kijana aliyekamatwa na kifurushi cha majani makavu anahitaji kujua majani hayo ni ya mmea gani. Wote wawili hawawezi kuridhika na kauli ya muuzaji, harufu, rangi, wala ungamo la mtu aliyebanwa. Wanahitaji karatasi yenye matokeo, saini na njia ya kuyahakiki matokeo hayo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya awali ya Uganda ya kudhibiti dawa za kulevya ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023, baada ya chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso kulalamika kwamba Bunge liliipitisha bila akidi. Bunge likapitisha sheria mpya mwezi Agosti mwaka huo huo, nayo ikaanza kutumika mapema mwaka 2024. Chini ya sheria hiyo kulima, kumiliki, kuvuta na kuuza bangi bila kibali ni makosa, na adhabu ya ulanguzi inaweza kufikia kifungo cha maisha.

Hata hivyo, mlango wa dawa haukufungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 serikali ilitangaza masharti kwa kampuni zinazotaka kulima bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, yakiwemo mtaji usiopungua dola milioni 5 za Marekani na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4 za Uganda. Kampuni iliyotangulia kupata ruhusa ni Industrial Globus Uganda Limited, yenye shamba Hima, wilayani Kasese, ikishirikiana na kampuni ya Israel iitwayo Together Pharma.

Kwa maneno mengine, mkulima mdogo wa Busoga au wa Bugisu hana njia ya kuingia katika biashara hii kwa jembe lake na robo eka. Wala ruhusa ya kampuni kuuza nje haimpi mtu binafsi ruhusa ya kuwa na bangi nyumbani, hata akisema ni ya matibabu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya nao unaruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba na sayansi, kwa sharti kwamba dola isimamie kwa ukaribu. Tarehe 2 Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika Jedwali la Nne la mkataba huo, ambalo ni la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari sana na zenye manufaa madogo ya tiba. Bangi imebaki katika Jedwali la Kwanza, yaani bado iko chini ya udhibiti mkali wa kimataifa.

Nani hupima nini?

Uganda ina taasisi tatu za umma ambazo majina yake husikika mara kwa mara katika mambo ya vipimo, na wananchi wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kazi yake ni usalama na ubora wa dawa za binadamu na za mifugo. Ina maabara yake mjini Kampala, ambayo imethibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwa uchunguzi wa ubora wa dawa.

Ya pili ni Maabara ya Uchambuzi ya Serikali, iliyopo Wandegeya, Kampala, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kazi yake inafanana na ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali kule Tanzania: kuchunguza vielelezo vya polisi, sumu, vinasaba na dawa za kulevya, na kutoa taarifa zinazotumika mahakamani. Ina pia maabara za kanda, mojawapo ikiwa Mbale. Kwa wakazi wa mashariki, jambo hili si dogo, kwa sababu kila kilomita ambayo kielelezo husafiri ni nafasi moja zaidi ya kuchelewa, kuchanganywa au kupotea.

Ya tatu ni Shirika la Viwango la Uganda, linalosimamia viwango vya bidhaa za kawaida kama unga, mafuta ya kupikia na saruji. Muhuri wake juu ya bidhaa ya dukani hauifanyi bidhaa hiyo kuwa dawa.

Kuna nini ndani ya mmea?

Mmea wa bangi una kemikali zake maalumu zaidi ya mia moja. Mbili ndizo zinazozungumzwa zaidi. THC ndiyo inayolevya. CBD hailevyi kwa namna hiyo, nayo imefanyiwa utafiti mwingi kuhusu kifafa. Muundo wa CBD ulibainishwa mwaka 1963, na mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israel waliitenga THC ikiwa safi. Hapo ndipo kipimo cha kweli kilipowezekana, kwa maana huwezi kupima kiasi cha kitu ambacho hujakitenga na kukijua.

Katika mmea mbichi THC ni kidogo sana. Kilichopo kwa wingi ni asidi yake, THCA, ambayo hugeuka kuwa THC inapopata moto, kwa mfano mtu anapovuta au kupika. Katika mgeuko huo asidi hupoteza sehemu ya uzito wake. Ndiyo maana wakemia huzidisha kiasi cha THCA kwa 0.877 kisha wakajumlisha THC iliyokuwapo tayari. Ua lenye THCA asilimia 20 linaweza kutoa THC asilimia 17.5 hivi, si 20. Muuzaji asiyefanya hesabu hiyo, au asiyetaka kuifanya, huandika namba kubwa kuliko ukweli.

Njia kuu ya kupima ni kromatografia. Sampuli huyeyushwa, kisha husukumwa ndani ya mrija mwembamba uliojazwa chembechembe maalumu. Kila kemikali hupita kwa mwendo wake, kama watu wanaoupanda mlima wa Wanale juu ya mji wa Mbale: walioanza pamoja chini hufika juu kwa nyakati tofauti. Mashine hurekodi kila kemikali ilipofika na wingi wake. Mashine inayotumia gesi huipasha sampuli moto, na hivyo asidi hugeuka THC ndani ya mashine yenyewe. Inayotumia kimiminika haipashi moto, hivyo inaweza kupima asidi na THC kila moja peke yake. Taarifa isiyosema ni mashine ipi iliyotumika imekosa jambo la msingi.

Mbali na nguvu: uchafu unaotafutwa

Kujua nguvu ya dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutafuta vitu ambavyo havikupaswa kuwamo.

Kuvu na sumukuvu. Ua la bangi lililofungwa kabla ya kukauka vizuri huota kuvu kama mahindi yaliyoanuliwa mapema. Wakulima wa mashariki wanaijua hasara hiyo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni jumla isiyozidi mikrogramu 10 za sumukuvu ya aflatoksini kwa kilo. Kwa mimea ya dawa, vitabu vya viwango vya Ulaya huruhusu mikrogramu 4 tu kwa kilo, na kwa aina kali zaidi, iitwayo B1, mikrogramu 2. Mgonjwa huvumilia sumu kidogo kuliko mtu mzima wa afya, na mvutaji hupeleka vijidudu moja kwa moja mapafuni. Kuvu wa aina ya Aspergillus huweza kumletea mtu mwenye kinga dhaifu ugonjwa mkubwa wa mapafu.

Metali nzito. Bangi ni mmea unaofyonza metali kutoka ardhini kwa nguvu, kiasi kwamba jamii yake isiyolevya iliwahi kujaribiwa katika kusafisha udongo uliochafuka karibu na Chernobyl. Kwa hiyo maabara hutafuta risasi, zebaki, kadimiamu na aseniki. Jambo hili lina maana ya pekee nchini Uganda. Wilaya ya Kasese ndiyo yenye mgodi wa Kilembe, ambao mabaki yake ya shaba na kobalti yaliachwa karibu na mto Nyamwamba. Shaba ya Kilembe nayo ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja, ambako ilianza kuyeyushwa mwaka 1956 kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Hili halimaanishi kwamba shamba lolote la leo lina udongo mchafu. Linamaanisha kwamba usafi wa udongo wa maeneo yenye historia ya madini hauwezi kudhaniwa. Lazima upimwe kabla ya mbegu kupandwa, kisha mavuno yapimwe tena.

Viuatilifu. Dawa ya kuua wadudu inayoruhusiwa kwenye nyanya, ambazo huoshwa, inaweza kuwa na madhara mengine ikichomwa na kuvutwa. Isitoshe, kukamua mafuta kutoka katika majani hukusanya kemikali za majani mengi ndani ya chupa ndogo, na viuatilifu navyo hukusanyika humo.

Viyeyusho na viongezwa. Mafuta mengi hukamuliwa kwa kutumia viyeyusho kama ethanoli, na mabaki yake yanapaswa kuondolewa. Viongezwa navyo huweza kuua. Mwaka 2019 maelfu ya Wamarekani waliugua mapafu baada ya kuvuta vifaa vya kielektroniki, wengi wao vyenye THC iliyonunuliwa katika njia zisizo rasmi. Hadi Februari 2020 waliokuwa wamelazwa hospitalini au kufariki walifika 2,807, na vifo vilikuwa 68. Mtuhumiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, kiongezwa kilichotumika kuyazimua mafuta hayo. Kipimo cha THC peke yake kisingekiona.

Sampuli: pale ubora unapoanzia au unapoharibikia

Ua la juu ya mmea, lililopata jua, huwa na nguvu tofauti na la chini. Kuchuma ua moja zuri na kulipeleka maabara ni sawa na kuchagua punje za juu ya gunia. Wanunuzi wa nafaka hutumia bambo, kile chuma chenye uwazi kinachochomwa gunia hadi katikati, ili kuona kilichofichwa ndani. Kanuni ya bangi ya dawa ni hiyo hiyo: sampuli zichukuliwe sehemu mbalimbali za mavuno, zichanganywe, na achukuaye asiwe mwenye kufaidika na matokeo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu kilimo na uchumaji bora wa mimea ya dawa unadai kumbukumbu tangu mbegu, udongo na maji, hadi ukaushaji na uhifadhi. Baada ya shamba, kiwanda hutakiwa kufuata kanuni za utengenezaji bora wa dawa. Maabara yenyewe hukaguliwa na kupewa ithibati kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 17025. Mwaka 2024 kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kilianza kutumia sura maalumu kuhusu ua la bangi, hivyo mnunuzi wa Ulaya sasa ana kipimo kimoja cha kumdai kila muuzaji. Lesotho, iliyoanza kutoa leseni mwaka 2017, ilishuhudia kampuni yake ya MG Health ikikubaliwa mwaka 2021 kuuza maua katika Umoja wa Ulaya baada ya kutimiza kanuni hizo. Rwanda iliidhinisha uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje mwezi Oktoba 2020. Kenya na Tanzania bado zinakataza kilimo hicho.

Mtoto mwenye kifafa: hesabu ya matone

Mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto zinazoitwa Lennox-Gastaut na Dravet. Kila mililita moja ina miligramu 100 za CBD. Kipimo cha kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 hupewa miligramu 30 kwa mara moja, yaani mililita 0.3. Tunatoa hesabu hii kama mfano tu, si maagizo ya matibabu.

Sasa tuchukue chupa ya mafuta iliyonunuliwa mtandaoni, isiyo na cheti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulipima bidhaa 84 za CBD zilizouzwa kwenye intaneti. Ni bidhaa 26 tu ambazo lebo zake zilikuwa sahihi, na 18 zilikutwa na THC. Mzazi anayempa mwanawe mafuta ya namna hiyo anaweza kuwa anampa kidogo kisichozuia degedege, au kemikali inayolevya ambayo hakuijua. Hata CBD safi ina hatari zake: inaweza kuathiri ini, hasa kwa mtoto anayetumia pia valproeti, dawa ya kifafa inayotumika sana. Daktari asiyeambiwa kwamba mtoto anapewa mafuta hayo hawezi kumkinga.

Kielelezo kinapofika mahakamani

Polisi wengi duniani hutumia kipimo cha haraka cha rangi kiitwacho Duquénois-Levine, ambacho mzizi wake ni miaka ya 1930. Majani huwekwa katika vimiminika vitatu kwa zamu, na rangi ya zambarau ikitokea, bangi hushukiwa. Neno muhimu hapa ni hushukiwa. Mimea mingine huweza kutoa rangi inayokaribiana, na mwongozo wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu unataka matokeo hayo yathibitishwe kwa hadubini, ambayo huonyesha vinyweleo vya pekee vya jani la bangi, na kwa kromatografia.

Hata kipimo sahihi hakina thamani ikiwa haijulikani kilichopimwa kilitoka kwa nani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba ni lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa wakati, za kielelezo tangu kilipokamatwa, kilipotunzwa, kilipokabidhiwa, kilipochunguzwa, hadi kilipofikishwa mahakamani. Tangu hapo mawakili wa utetezi wamekuwa wakiuliza swali moja: bahasha hii ilikaa kwa nani usiku ule?

Swali hilo lina uzito huo huo Jinja na Mbale. Kifurushi kinachotoka kituoni kwenda maabara kinapaswa kufungwa kwa lakiri mbele ya mtuhumiwa, kuandikwa uzito, tarehe na saini, na kila anayekipokea asaini. Mnyororo huo ukikatika, mambo mawili yanaweza kutokea, na yote mawili ni mabaya: mwenye hatia huachiwa, au asiye na hatia hufungwa kwa majani ya mtu mwingine.

Maabara nayo huweza kukosea

Itakuwa makosa kuichukulia taarifa ya maabara kuwa haina dosari. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yamehalalisha biashara ya bangi, wazalishaji hulipa maabara binafsi, na bei ya ua hupanda kadiri THC inavyoonekana kubwa. Baadhi yao wameshutumiwa kuzunguka wakitafuta maabara yenye namba tamu. Watafiti waliopima maua ya madukani katika jimbo la Colorado, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2023, waliona kwamba takriban asilimia 70 ya sampuli zao zilikuwa na THC pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye lebo.

Kosa lingine ni sheria kwenda mbele kuliko vifaa. Mwaka 2019 jimbo la Texas lilihalalisha jamii ya bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Maabara nyingi za polisi ziliweza kuonyesha kwamba THC ipo, lakini hazikuweza kusema ni kiasi gani. Waendesha mashtaka wakafuta mamia ya kesi. Somo kwa Uganda liko wazi: mlango wa bangi ya dawa ukifunguliwa zaidi, maabara ya serikali itahitaji kujibu si swali la kama ni bangi tu, bali ya aina gani na kwa kiasi gani.

Msikilizaji azingatie nini?

Kwa mzazi au mgonjwa: usinunue mafuta au majani ya bangi kwa ahadi za tiba mtaani au mtandaoni. Mbali na kwamba ni kosa kisheria, hujui kilichomo. Usiache dawa ya kifafa aliyoandikiwa mtoto, kwani kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Ikiwa mtoto ameshapewa mafuta hayo, mwambie daktari waziwazi na umpelekee chupa yenyewe.

Kwa anayeonyeshwa cheti cha uchambuzi: angalia namba ya bechi kama inalingana na ile ya kwenye chupa, tarehe, jina la maabara na ithibati yake, njia iliyotumika, na kama kuna matokeo ya kuvu, metali, viuatilifu na viyeyusho, si THC na CBD peke yake. Cheti kimoja kilichonakiliwa kwa bechi zote si ushahidi wa kitu.

Kwa aliyekamatwa au ndugu yake: ulizeni kama kielelezo kilifungwa na kupimwa uzito mbele yake, kama kimepelekwa maabara ya serikali, na lini. Mnayo haki ya kuomba taarifa hiyo kupitia wakili au mahakama, na wakili anaweza kuomba mkemia aliyeiandika aitwe kuhojiwa. Mtu asisaini karatasi yenye uzito ambao hakuuona ukisomwa kwenye mizani.

Kwa watunga sera: maabara ya kanda kama ya Mbale ikipewa watumishi, kemikali na umeme wa uhakika, hupunguza siku ambazo mtuhumiwa hukaa rumande akisubiri karatasi moja, na hupunguza pia nafasi za kielelezo kupotea njiani. Mjadala wa bangi nchini Uganda huendeshwa zaidi kwa hoja za fedha za kigeni upande mmoja na maadili upande wa pili. Pande zote mbili zinahitaji mashine ile ile, mkemia yule yule, na daftari lile lile la makabidhiano. Bila hivyo, mtoto aliyelazwa Nalufenya na kijana aliyezuiliwa Nalufenya wote wawili watategemea kubahatisha.